Je, Wachola walikuwa na manowari? Jibu kwa mwalimu anayetengeneza mfano wa chombo

*"Nafundisha historia sekondari. Wanafunzi wangu wanataka kutengeneza mfano wa manowari ya Wachola kwa ajili ya maonyesho ya shule. Video tuliyoitazama inasema walikuwa na meli elfu moja zilizogawanywa katika madaraja yenye majina kama Lola na Dharani, mitambo ya kurusha moto, tembo wa vita ndani ya ngama, na kwamba walifika hadi Kilwa. Shemeji yangu, ambaye ni baharia, anasema huo ni uzushi mtupu, wale walikuwa wafanyabiashara tu. Nimsikilize nani? Na tutengeneze chombo cha namna gani tusije tukawadanganya watoto?"*

Mwalimu, wasiwasi wako una msingi. Mfano wa mbao hukaa kichwani mwa mtoto kuliko ukurasa wa kitabu, na akishaona mitambo ya moto kwenye omo (mbele) ya chombo, hutaiondoa tena. Kwa ufupi, shemeji yako amekosea kuhusu vita lakini amekaribia sana kuhusu vyombo. Vita vilipiganwa kweli, ng'ambo ya bahari, mbali na nyumbani. Manowari zilizopangwa kwa madaraja kama za majeshi ya leo ndizo zilizoongezwa baadaye.

Tuanze na yaliyo hakika. Wachola walikuwa watawala wa Kitamil wa bonde la mto Kaveri, kusini-mashariki mwa India. Mji wao mkuu ulikuwa Thanjavur, kisha Gangaikonda Cholapuram. Rajaraja wa Kwanza, aliyetawala kuanzia 985 hadi 1014, alivusha jeshi hadi Lanka (Sri Lanka ya leo) mwaka 993, mji mkuu wake Anuradhapura ukaangamizwa na makao ya utawala wa Wachola kisiwani yakawa Polonnaruwa. Maandishi yake yanamsifu pia kwa kuviteka "visiwa vya kale elfu kumi na mbili vya bahari", yaani Maldivi. Mwanawe Rajendra, aliyetawala hadi 1044, alimkamata mfalme wa Lanka, Mahinda wa Tano, mwaka 1017. Kisha mwaka 1025 akatuma jeshi kuvuka Ghuba ya Bengali kwenda kuipiga Srivijaya, dola iliyoshika njia ya Mlango Bahari wa Malaka kutoka Sumatra na rasi ya Malay. Lanka yenyewe Wachola hawakutolewa mpaka 1070, na aliyewatoa ni Vijayabahu wa Kwanza. Jeshi lisiloweza kuvusha watu, mchele na habari kila msimu lisingekaa kisiwani miaka zaidi ya 70. Hapo shemeji yako itabidi akubali.

Sasa idadi ya meli. Habari za vita vya 1025 zimechongwa kwenye ukuta wa hekalu kuu la Thanjavur, katika maandishi ya karibu mwaka 1030. Sentensi yenyewe inasema Rajendra alituma *pala kalam* katikati ya bahari yenye mawimbi, akamkamata Sangrama Vijayottungavarman, mfalme wa Kadaram (bandari ya dola ya Srivijaya kwenye rasi ya Malay), pamoja na tembo wa jeshi lake. *Kalam* ni chombo cha baharini. *Pala* maana yake ni "vingi". Basi, hiyo ndiyo hesabu yote tuliyoachiwa. Anayekutajia meli elfu moja ameiweka elfu yake mwenyewe mahali ambapo mchongaji aliandika "vingi". Waonyeshe wanafunzi neno hilo, maana ni somo zima la namna ya kusoma ushahidi.

Tazama tena habari ya tembo katika sentensi hiyohiyo. Tembo wanaotajwa ni wa mfalme wa Kadaram, ni nyara. Haisemwi kwamba Rajendra alipakia tembo wake, na nitakuonyesha kwa hesabu kwa nini ingekuwa tabu kubwa.

Majina ya Lola na Dharani yana chimbuko, ila si la Wachola. Katika *Yuktikalpataru*, maandishi ya Kisanskriti yanayohusishwa na mfalme Bhoja wa Malwa, kuna orodha ya aina za vyombo kwa kipimo cha urefu, upana na kimo, na humo ndimo yalimo Lola na Dharini. Malwa iko ndani ya bara la India, mbali na pwani ya Kitamil, na orodha ile inapanga vyombo kwa vipimo na baraka au mikosi yake, haitaji kazi yake vitani. Mtu aliyachukua majina hayo, akayavika vyeo vya kijeshi vya karne ya 20, akawapa Wachola. Kwenye hekalu la Thanjavur vikosi vya nchi kavu vimetajwa kwa majina yake. Orodha ya manowari haimo. Mitambo ya moto nayo haimo, na mizinga ya melini ilikuja karne kadhaa baadaye.

Hapo swali lako linageuka: kama si manowari, walivuka na nini? Jibu lake halipaswi kuwa geni kwa mtu wa pwani yetu. Vyombo vikubwa vya Bahari ya Hindi enzi zile, katika sehemu kubwa ya magharibi yake na kuzunguka kusini mwa India, vilikuwa vya kushonwa. Ni ufundi wa ukoo mmoja na mtepe wa visiwa vya Lamu. Mbao hukutanishwa ukingo kwa ukingo, hutobolewa tundu jozi jozi, kisha hushonwa kwa kamba ya usumba (nyuzi za makumbi ya nazi) inayopita juu ya msokoto wa nyuzi uliolazwa kando ya kiungo. Kamba ikikazwa, msokoto unabanwa na kuziba mwanya. Mataruma, yaani mbavu za chombo, huingizwa baadaye, bodi ikishasimama. Tundu huzibwa, na mwili wa chombo hupakwa mafuta ya samaki, yale ambayo mafundi wetu huyaita sifa.

Ufundi huu una faida na hasara, na zote mbili zinaeleza vita vya Wachola kuliko video yoyote. Faida yake ni kwamba chombo cha kushonwa hupinda bila kuvunjika. Pwani ya Koromandeli, ambayo jina lake hutajwa kuwa limetokana na Cholamandalam, "nchi ya Wachola", haina bandari nyingi za asili. Ni mchanga mrefu, mawimbi yanayovunjika karibu na ufuo, na midomo ya mito inayojaa tope. Chombo kikubwa hutia nanga mbali, na mashua za kushonwa ndizo hupita kwenye mawimbi kupeleka watu na shehena. Ubao uliopigiliwa misumari, ukidundwa mchangani mara kwa mara, hupasuka pale penye msumari, lakini wa kushonwa hulegea kidogo na kurudi. Hasara yake ni kwamba huvuja daima, kwa hiyo mabaharia hufua maji usiku na mchana, na kamba zake hudai kushonwa upya kila baada ya muda. Zaidi ya yote, chombo kinachonyumbuka hakifai kugonga chombo kingine kwa omo. Kwa hiyo usiwaze mapigano ya meli kwa meli kama yale ya Bahari ya Kati (Mediterania). Waza vyombo vya mizigo vilivyojaa askari, vinavyokaribia bandari, vinawashusha watu, nao wanapigana nchi kavu. Mapigano ya majini yalikuwepo pwani za India, na mawe ya mashujaa ya Eksar, mjini Mumbai, yanaonyesha vyombo vya makasia vikipambana. Lakini hayo ni ya pwani ya magharibi, nayo si ya Wachola.

Kuna anayedhani chombo cha kushonwa hakiwezi kuvuka bahari kuu. Mwambie habari ya Jewel of Muscat, chombo kilichoundwa Oman bila msumari, chenye urefu wa mita 18 hivi, kwa kufuata mabaki ya chombo cha karne ya 9 kilichopatikana karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia. Kilitoka Muscat Februari 2010 na kufika Singapore Julai mwaka uleule. Njia yake ya mwisho, kutoka Galle, Sri Lanka, kuelekea mlango wa Malaka, ni jirani kabisa na njia ya Wachola.

Tuje kwenye upepo, na hapa shemeji yako atakuwa mwalimu mzuri kuliko mimi na wewe. Kusi inayovuma kwetu kuanzia mwezi wa Aprili ikishavuka ikweta hupinda kuume, ikafika kusini mwa India ikitoka kusini-magharibi. Hiyo ndiyo inayosukuma chombo kutoka Nagapattinam, bandari kuu ya Wachola, kuelekea mashariki. Kaskazi ndiyo inayokirudisha. Lakini Ghuba ya Bengali ina jambo ambalo pwani yetu haikuzoea: vimbunga vikali wakati wa maleleji, pepo zinapobadilika, mwezi wa Mei na tena kuanzia Oktoba hadi Desemba. Vyombo vya Koromandeli vilivyokwenda Malaka katika karne zilizofuata viliondoka mara nyingi mwezi wa Septemba, kusi inapolegea, kabla vimbunga havijachacha. Ukiondoka Septemba, huna njia ya kurudi mpaka kaskazi itulie, yaani Januari au Februari. Kwa hiyo jeshi la namna hii lilikuwa na msimu mmoja tu: kwenda, kupiga, kubeba nyara, kusubiri upepo, kurudi. Si doria ya mwaka mzima.

Muda wa safari tunao kutoka kwa shahidi mzuri. Mtawa wa Kichina Yijing, katika karne ya 7, aliandika habari za mwenzake aliyesafiri kutoka Kedah, ambako ndiko Kadaram ya maandishi ya Kitamil, hadi Nagapattinam: siku 30. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 2,300. Chukua siku hizo 30 ufanye hesabu darasani. Chombo chenye watu 100, kila mmoja lita 4 za maji kwa siku kwa kunywa na kupikia, kinahitaji lita 12,000, yaani tani 12. Mchele, gramu 700 kwa mtu, ni kilo 2,100. Askari 5,000 wangetaka vyombo 50 vya namna hiyo. Sasa weka farasi 10, kila mmoja lita 35 kwa siku: lita 10,500, karibu sawa na watu wote 100. Weka tembo 10 kwa lita 150 kila mmoja: tani 45 za maji, na majani yao mengine kiasi hicho. Ndiyo maana tembo wa kupelekwa Srivijaya ni wazo zito. Mlango wa Palk kuelekea Lanka ni habari nyingine. Huko ni safari ya siku moja au mbili, na tangu zama za kale tembo walisafirishwa kwa vyombo kati ya Lanka na bara.

Hesabu hiyo ya maji inakufungulia jambo lingine. Katika orodha ya sehemu 13 ambazo Rajendra anadai kuzipiga, mojawapo ni Manakkavaram, ambayo ni visiwa vya Nikobari. Visiwa hivyo havikuwa na utajiri wa kulinganishwa na Palembang, mji wa Sumatra. Lakini viko katikati ya njia, vina maji na nazi. Nyingine katika orodha hiyo ni Pannai na Malaiyur za Sumatra, Ilangasoka na Madamalingam za rasi ya Malay, Ilamuridesam iliyokuwa Aceh, na yenyewe Srivijaya, inayotambuliwa kuwa Palembang. Palembang haiko ufuoni, iko kama kilomita 80 ndani ya mto Musi. Hakuna mgeni anayepandisha vyombo mto kama huo bila rubani anayejua mikondo na fungu la mchanga. Nani aliwapa Wachola marubani?

Wafanyabiashara. Hapa ndipo shemeji yako amegusa kiini, hata kama amekieleza vibaya. Vyama vya wafanyabiashara wa Kitamil, kama Manigramam na Ainnurruvar ("Mia Tano"), vilikuwa na watu wao ng'ambo tangu kabla ya Rajendra. Maandishi ya Kitamil ya karne ya 9 yanayoitaja Manigramam yamepatikana Takua Pa, kusini mwa Thailand, na ya mwaka 1088 yanayoitaja Mia Tano yamepatikana Barus, Sumatra. Vyama hivi viliajiri walinzi wenye silaha. Vilijua bei, bandari, misimu na lugha. Maoni yangu ni kwamba mfalme alikuwa na askari, hazina na sababu, na sehemu kubwa ya vyombo na maarifa ya bahari ilitoka kwa watu hawa, kwa kukodiwa, kwa kuagizwa au kwa ubia wa nyara. Ukiniuliza kama hilo ni "jeshi la majini", nitasema ni jeshi linalovuka bahari, lililokusanywa kwa msimu. Hilo haliwapunguzii Wachola chochote. Kuandaa maji, mchele, watu na marubani kwa wakati mmoja, kwa upepo mmoja, ni kazi kubwa kuliko kuwa na meli yenye jina la kutisha.

Kuhusu sababu ya vita, wanahistoria hawajaafikiana, nawe usiwafiche wanafunzi jambo hilo. Wapo wanaosema ilikuwa kutafuta sifa na nyara, kama wafalme wengi wa India walivyofanya kwa kuzunguka kuteka pande zote. Wapo wanaoona biashara ya China. Wachola walituma ujumbe wao wa kwanza kwa dola ya Song mwaka 1015, wakatuma tena 1033 na 1077, na Srivijaya ilikaa mlangoni mwa njia hiyo. Mimi naegemea upande wa biashara, kwa sababu shabaha ni bandari baada ya bandari kandokando ya njia moja. Lakini uhusiano haukuwa wa uadui tangu mwanzo. Karibu mwaka 1005, mfalme wa Srivijaya alipewa nafasi Nagapattinam ya kujenga Chudamani Vihara, makao ya watawa wa Kibudha, na Rajaraja akayapa mapato ya kijiji cha Anaimangalam. Miaka 20 tu baadaye ikawa vita.

Wala Wachola hawakuitawala Srivijaya baada ya hapo. Mwaka 1028 ujumbe wa dola hiyo ulikuwa China kama kawaida. Mwaka 1106 maofisa wa Song walikuwa wakiamini kinyume kabisa, kwamba Wachola ndio walio chini ya Srivijaya. Video inayokuonyesha ramani yenye rangi moja kutoka Thanjavur hadi Sumatra inachora kitu ambacho hakikuwepo.

Kilwa sasa. Katika orodha za ushindi za Rajaraja na Rajendra, upande wa magharibi wa bahari unaishia Maldivi. Afrika haimo. Shanga za kioo za India zilifika pwani yetu, hilo linaonekana katika machimbo ya miji ya kale, lakini shanga hupita mikono mingi, haziletwi na jeshi. Kinachotuunganisha na Wachola ni upepo na kamba. Maldivi ilikuwa na vitu viwili vilivyotakiwa bahari nzima, makombe ya kauri na usumba, na kamba ya kushonea chombo ilikuwa mali ya thamani Lamu kama ilivyokuwa Nagapattinam.

Kwa hiyo tengenezeni chombo cha mizigo cha kushonwa, kilichobeba askari. Kipimo cha 1 kwa 20 kinafaa: mita 18 zinakuwa sentimita 90, na upana wa mita 6 unakuwa sentimita 30. Tumieni mbao laini za unene wa milimita 4. Chongeni omo na tezi (nyuma), zote mbili ziwe zimechongoka. Tobeni tundu za milimita 2 kila baada ya sentimita 1.5, umbali wa milimita 6 kutoka ukingoni. Mkizisogeza karibu zaidi ubao utapasuka mnapokaza uzi, na hilo ndilo kosa litakalowatesa. Lowesheni mbao kwanza, mzipinde kwenye kalibu usiku kucha, kisha mshone kuanzia mkukuni kwenda juu, mkilaza nyuzi za usumba ndani ya kila kiungo. Mataruma mwisho. Wekeni milingoti miwili na matanga ya mraba ya mkeka, kwa sababu vyombo vya milingoti miwili vinaonekana kwenye sarafu za Wasatavahana, watawala wa kale wa India, za pwani hiyohiyo, ingawa ni za karne nyingi kabla. Usukani uwe makasia mawili makubwa, moja kila ubavu wa tezi. Sitahani wekeni mitungi ya maji mingi, na msione haya ikichukua nafasi kuliko askari.

Mahali pa kutafuta msaada wa ana kwa ana ni pawili. Kwa ushonaji, msitegemee picha. Nendeni na wanafunzi Makumbusho ya Lamu mkauone mtepe ulivyoshonwa, au mkae nusu siku na fundi wa majahazi aliye karibu nanyi awaonyeshe namna ubao unavyopindwa. Kwa maandishi ya Kitamil, kama mtataka kuyaandika ukutani, msiyanakili kutoka kwenye video. Kitamil cha karne ya 11 kinahitaji msomaji wa maandishi ya kale, na Chuo Kikuu cha Kitamil cha Thanjavur kina idara ya kazi hiyo. Waandikieni mapema.

Na kibao cha chini kisomeke hivi: "Chombo cha kushonwa cha Ghuba ya Bengali, karne ya 11, kilivyokisiwa na wanafunzi. Wachola walituma vyombo kwenda Srivijaya mwaka 1025. Idadi yake kwa maneno yao wenyewe: *pala*, vingi."